Makopo ya Bi Manjano

Wiki ya kwanza ya ndoa yake na Yunusu, mjini Iringa, Tekla alitia bizari ya manjano kwenye pilau badala ya bizari nyembamba. Tangu siku hiyo mama mkwe akamwita "Bi Manjano". Kwao Kilolo walipikia chumvi na kitunguu tu. Kwa miaka tisa akajaza makopo ya iliki, mdalasini na karafuu, kila moja akilibandika jina lake ili asikosee tena.

Ijumaa hii mama mkwe alilamba vidole.

"Leo umepika, mwanangu! Hata Amna akija hatahangaika, viungo vyote vipo."

"Amna yupi, mama?"

"Mke mwenzio. Kwani Yunusu hajakwambia?"

Tekla akarudi jikoni, akaanza kubandua majina, kopo baada ya kopo.