Nta ya Mzinga wa Mjomba

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikianza, nilirudi Karagwe na cheti changu cha sekondari, nikapewa darasa Bugene. Haukupita muda tukaambiwa mkaguzi anakuja kuona kazi za mikono. Wenzangu waliandaa mikeka na vikapu. Mimi nilitaka ng'ombe mwenye pembe ndefu kama wa kwetu, wa ule udongo usiokauka wala kupasuka niliouona nikisoma, unaokandwa kwa mafuta na nta.

Mafuta ya nyonyo nilipata. Udongo wa kichuguu niliuchekecha kwa kitambaa. Nta ndiyo iliyonishinda. Mishumaa ya dukani iliufanya udongo ukatike kama kiporo cha ugali, na vipande vya mishumaa ya kanisani katekista alivifungia kabatini.

Nikaenda Kanoni kwa kaka yake mama, aliyefuga nyuki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwihwa." Ndivyo tunavyomwita mtoto wa dada. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Nta? Hiyo tunawatupia kuku! Umesoma kote huko uje kugombania na kuku wangu?"

"Basi nipe."

"Ngoja maharage yamalize maua. Tukikamua asali ya harusi, makapi yote yako."

Mwanawe alikuwa anaoa, na wakwe walikwisha kuahidiwa pombe ya asali. Msimu ule mzinga wenye nyuki ulikuwa mmoja tu, uliosukwa na marehemu baba yake na kupakwa samadi.

"Mkaguzi hangoji maua," nikasema. "Mimi mwihwa wako, na leo nachukua."

Kwetu mjomba hamnyimi mwihwa. Akimnyima anaogopa mkosi nyumbani. Mwihwa huingia akabeba jogoo, watu wakacheka, yakaisha. Ni utani wenye mpaka, na mpaka huo kila mtoto anaujua. Hata mimi niliujua.

Mjomba akawasha majani makavu ya mgomba, akapanda mtini. Alikata masega ya mbele, akaanza kushuka, maana ya nyuma huachiwa nyuki walee watoto wao. Nikatazama ndani ya kapu.

"Na ya nyuma, mjomba."

"Watahama hawa."

"Watajenga mengine. Mimi nimesoma."

Sikuwa nimesoma hata neno moja juu ya nyuki.

Asali iliyopatikana ilikuwa changa, ikachacha kibuyuni, isifae hata kwa pombe. Masega niliyachemsha, nikayachuja kwa gunia, nta ikaganda juu ya maji. Ng'ombe wangu alipendeza. Mkaguzi alimbonyeza ubavuni kwa kidole gumba, akasema, "Laini," akasogea kwenye mikeka.

Nyuki walihama wiki ileile. Harusini wakwe waliletewa rubisi tupu, pombe ya ndizi ya kila siku. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alionja, akauliza kwa sauti, "Asali mmemfichia nani?" Watu wakaangua kicheko. Mjomba hakunitaja, wala hakunitazama. Ningeweza kusimama nikasema ni mimi, nilikaa nikanywa.

Baada ya mvua mjomba alikuja shuleni kwa miguu, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu," akaniita, "umebakiza nta kidogo? Nataka kuupaka mzinga ndani. Pasipo na harufu ya nta, nyuki wapya hawaingii."

Ng'ombe alikuwa juu ya kabati, alama ya kidole ingali ubavuni. Nta yote ilikuwa humo, imekandwa pamoja na udongo na mafuta, na hapakuwa na namna ya kuitoa tena.

"Imeisha, mjomba."

"Haya, Mwalimu."

Mzinga ule ulioza mtini ukiwa mtupu. Mpaka tunamzika hakuniita mwihwa tena, nami kwake sikubeba tena hata jogoo.