Toba ya Musembi, Msemaji wa Sinema ya Karate

Kaka yangu Musembi, tuliyemzika Alhamisi, alitengwa na kanisa mwaka wa 1985 kwa sababu ya sinema moja. Ilikuwa ya zamani, ya Wachina: kijana anakuta mwalimu wake ameuawa, anawatafuta wauaji tisa na kuwamaliza mmoja mmoja kwa mikono mitupu. Mwenye video pale soko la Tulia alikuwa na kanda nyingine, lakini kila Jumamosi mchana watu walitaka hiyo hiyo, maana Musembi alisimama kando ya televisheni akiwasemea wale Wachina kwa Kikamba. Kichina hakujua hata neno. Alitunga. Muuaji wa nne alimpa sauti ya mnunuzi wa mbuzi anayepunja watu, na soko zima lilimngojea huyo afe.

Alinyimwa Meza ya Bwana. Alijifanya hajali, lakini kila Jumapili ya ushirika hakula mpaka jioni.

Januari mwaka huu wa 1991 alianza kukohoa damu. Mama yetu, Kaluki, akamwambia, "Nenda utubu. Ukifa hivi, nani atakuombea kaburini?"

"Nitaenda, mwaitu. Hata mimi nataka kuimbiwa."

Kwetu toba husemwa mbele ya washirika wote. Mzee Kivuva, mkuu wa wazee wa kanisa, alimwonya, "Usizungukezunguke. Taja ulichofanya."

Musembi akataja. Alianza kwa sauti ya chini: kulikuwa na mwalimu aliyetiliwa sumu kwenye chai. Akaeleza mwanafunzi alivyolia. Alipofika kwa muuaji wa kwanza, kikohozi kilikuwa kimemwacha na mkono umeinuka. Akina mama waliacha kuwapepea watoto. Nami, Mungu anisamehe, nililiona lile pigo likija. Kwa muuaji wa nne, Mutie wa kwaya alishindwa kujizuia.

"Nyuma yako! Ana kisu!"

Kanisa likaangua kicheko, kisha makofi.

Mzee Kivuva alingoja watu wanyamaze. "Ndugu Musembi, hiyo si toba. Umetuonyesha sinema."

"Mzee, si uliniambia nitaje?"

"Keti. Utarudi Pasaka."

Naamini alikuwa akitubu. Hakujua kusimulia jambo kwa njia nyingine.

Pasaka hakuifikia. Mchungaji hakuja kumzika, wala kwaya. Mzee Kivuva alikuja kama jirani, akashika sepetu. Waliojaa ua wetu ni watu wa video, wengine wametembea tangu alfajiri, kofia mkononi. Nilisoma Zaburi mwenyewe, kisha nikaanzisha wimbo. Ubeti wa kwanza waliuimba kwa nguvu. Wa pili hawakuujua, tukabaki mimi na mama.