Fundi wa Garland

Fundi wetu wa magari wa Garland, mji tunakoishi, husikiliza injini akiwa amefumba macho, na hagusi kitu kabla ya kujifuta vidole kimoja kimoja. Jumamosi moja ya Agosti 2019, gari-nyumba letu la mwaka 1978 lilituzimikia karibu na mji wa Corsicana, tukielekea Houston kwenye harusi ya binti yetu, Kethia. Tulimpigia fundi simu, naye akafika baada ya saa moja, akafumba macho, akajifuta vidole. "Petroli inachemka kabla ya kufika kwenye injini," alisema kwa sauti ya chini, akaizungushia pampu kitambaa kilicholowa maji. Mke wangu akauliza, "Tutafika?" "Mama Kethia, nikiwa ndani, mutafika." Aliacha gari lake kwenye kituo cha mafuta, akafungua mfuniko wa injini kati ya viti vya mbele, akaketi sakafuni akikimwagia maji kile kitambaa njia nzima. Simu yake ilipolia, alimwambia msimamizi wa ghala alikoajiriwa, "Leo sitakuja," akakata.

Kanisani alikataa kushuka, kwa sababu nguo zake zilijaa mafuta na jasho. Nikavua koti langu la suti nikamvika. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kwake, lakini alishuka. Nilimsindikiza Kethia madhabahuni nikiwa na shati tu.