Vichupa vya Buluu Vilivyopima Jua Kianjokoma

Mlioko nyumbani Taita mmeniuliza kwa barua ni wazimu gani ulionipeleka Embu na Meru wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau na viapo vyao. Nilikwenda kulipima jua. Mkuu wangu katika ofisi ya hali ya hewa, Nairobi, alikuwa ameyacheka mahesabu yangu. Mimi nilisema miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini huchoma ngozi, imeongezeka tangu jua liingie madoa mengi. Yeye alisema ni vumbi la mji tu lililopungua. “Kapime mlimani, kwenye hewa safi,” aliniambia. “Ukikosea, utarudi kunakili barua.” Niliondoka nimefura kwa hasira.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la Mzee Yusufu, mchukuzi wa Meru mjini, mkarimu na msemaji kweli kweli. Nilipakata sanduku la vichupa vya maji ya buluu. Miale ile ikiyapiga maji hayo, buluu hufifia, nawe unailinganisha na rangi za mfano zenye namba. Kila kichupa nilikizungushia kitambaa cheusi kisipate mwanga kabla ya saa yake. Tulilala Embu.

Kesho yake saa nne asubuhi, kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Kianjokoma, mlinzi wa kijiji aitwaye Njeru aliliona sanduku.

“Fungua hiyo kitu.”

“Siwezi, afande, mpaka saa sita.”

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Miaka ile, aliyeficha kitu ndani ya kitambaa cheusi akakataa kukifungua alikuwa amekwisha kujihukumu.

“Hii ni dawa ya kiapo,” Njeru alisema. “Kama si hiyo, kunywa tuone.”

“Nikinywa nitakufa. Ni sumu.”

“Umesema mwenyewe ni sumu!”

Mzee Yusufu alijishika kichwa. “Mwanangu, leo umetumaliza.”

Niliogopa, siwafichi. Kambi ya kizuizini niliiona mbele ya macho yangu. Nikachomoa jedwali langu, ambalo lilikwisha hesabu urefu wa mlima na unene wa hewa. Kama jua ni lile lile la mwaka uliopita, rangi ingefifia hadi namba sita; kama limeongeza miale, saba. Niliandika saba kwenye karatasi, nikaikunja, nikampa Njeru.

“Itie mfukoni. Saa sita tutoe kitambaa, ulinde kichupa mwenyewe. Saa saba ulinganishe rangi kwa macho yako. Isipolingana na nilichoandika, nifunge.”

“Na ikilingana?”

“Tuache twende Meru.”

Njeru alicheka. “Sawa, karani. Wacha jua ikuamue.”

Saa sita tuliweka kichupa juu ya jiwe. Wanawake waliokuwa wakichimba mtaro kwa amri ya serikali walisimamisha majembe wakatazama. Wingu moja lilishuka kutoka mlimani, nikahofia litatuzibia jua, lakini likapita upande wa Kanja.

Saa saba Njeru alikisogeza kichupa kwenye rangi ya namba sita. Hapana. Nane. Hapana. Kwenye saba rangi zililingana, akaifungua karatasi polepole.

“Karani, ulijua aje?”

“Kwa hesabu.”

“Hesabu ya jua?” Akainua kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake walipiga ngemi, vigelegele vya kwao, na sijui walilishangilia jua au walifurahi askari ameshindwa. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Meru mjini nilikaa siku mbili kwa Mzee Yusufu, nikila pilau ya mkewe na kupima mchana. Mara zote mbili jedwali lilisema kweli.

Jumatatu iliyofuata, Nairobi, mkuu alilipekua jedwali tangu asubuhi akitafuta kosa. Hakuliona. Aliuliza tu ni ya nani alama ya kidole gumba iliyopigwa kando ya kipimo cha Kianjokoma. Nikamwambia ni ya shahidi wangu, Njeru. Alilitia sahihi, jina langu likiwa juu ya lake. Safari ile ilinifunza kwamba ukiziamini hesabu zako, ziandike kabla jua halijatoa jibu, kisha umpe karatasi yule anayetaka kukufunga.