Ragnhild na Seli za Yule Mzee

Tangu nimfahamu Ragnhild Norling, kazi yake ni moja tu: kulisha utumbo. Usicheke. Ni seli zilizoanzia kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo wa mzee mmoja aliyekwisha kufa zamani. Ukiziweka juu ya kichujio na kuzibadilishia maji ya lishe kwa wiki tatu, hushikana zikawa kama ukuta wa utumbo. Hapo unatia dawa upande wa juu, unangoja uone kama itapenya chini. Hapa maabara Uppsala, "seli zako hazijambo?" ni salamu.

Basi mwaka jana saratani ya utumbo ikamshika Ragnhild mwenyewe. Akapasuliwa, akapata nafuu, akarudi Machi, akakuta tumemhamishia ofisini kuagiza glavu. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Watu wa huku bwana, jambo likiwa zito tunatafuna andazi la mdalasini na kuzungumzia theluji.

Siku ya pili, saa ya kahawa, akatua kikombe.

"Nani amenitoa kwenye seli zangu?"

Torkel, bosi wetu, akalikodolea macho andazi lake.

"Hatukutaka uumie, Ragnhild. Zile seli... unajua zilikotoka."

"Nimezilisha miaka yote hii, nisijue? Mliniuliza?"

"Hapana."

"Saratani imenitoa kipande cha utumbo, nanyi mnanitoa kazini. Afadhali hiyo, ilinipa dalili kwanza!"

Aibu ilinishika hadi masikio yakawa moto. Akanigeukia.

"Na anayezilisha sasa ni nani? Usiniambie ni wewe, Birger."

"Ni mimi, dada."

"Mungu wangu! Wewe hata mpungate wa dirishani, mmea usiotaka maji, ulikufia!"

Watu wakaangua kicheko, Torkel naye. Ragnhild akainuka, akavaa koti jeupe, nasi tukamfuata. Akainamia hadubini muda mrefu. Niliogopa atalia, na moyoni nilikuwa nimejiandaa kulia naye.

"Zimeshikana vizuri," alisema. "Hongera, Birger. Sasa nirudishieni."

"Ni zako," Torkel akajibu upesi. "Tusamehe."

Ragnhild hakuinua kichwa kwenye hadubini.

"Nilimwambia daktari aliyenipasua wachukue kipande cha uvimbe wangu, wakioteshe. Kimeshika. Kiko maabara ya Lund, wanakijaribia dawa."

Torkel akakohoa.

"Ungependa tuwaombe, kije hapa ukitunze mwenyewe?"

"Ya nini? Huyu mzee hakunijua, na nimemlisha vizuri. Huko Lund kuna mtu ananilisha mimi, hanijui, na usiku nalala bila wasiwasi." Akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Birger, nipishe kiti."

Nikampisha.