Kikohozi Nilichokimeza

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilijua kukohoa bila mtu kunisikia. Unabana mdomo kwenye blanketi, unakaza tumbo, kifua kinatikisika chenyewe. Tulikaa Kayanga, mkabala na mashine ya kukoboa kahawa. Msimu mzima vumbi la makapi lilitua kwenye vyombo na nguo tulizoanika, na lundo nyuma ya mashine lilifukuta moshi kutwa kucha. Watoto wa mtaa mzima tulikohoa. Wakubwa walisema tuna vimeo.

Changu kilikatwa. Bibi mzaa mama alinichukua kwake Bugomora, mkata vimeo akakipitishia wembe kile kinyama cha kooni, nikakaa migombani mwezi mzima nikapona kabisa. Niliporudi Kayanga, kikohozi nacho kikarudi wiki ileile. Sikumwambia mtu. Niliuogopa ule wembe kuliko kufa.

Mwaka uliofuata mdogo wangu Adela, wa miaka miwili, alikohoa hadi kutapika. Bibi akaja kumchukua. Mama alisita.

"Waitu, mwanangu, unangoja nini?" bibi alimsihi. "Huyu si alipona? Hebu fungua mdomo, mjukuu wangu, mama yako aone."

Nikafungua. Mashine ilikuwa ikinguruma, vumbi limejaa mlangoni, na kikohozi kimenipanda hadi kooni. Nilijua kabisa: nikikohoa, Adela hakatwi. Lakini nitakatwa mimi tena. Machozi yakanitoka. Nikakimeza.

"Umeona?" bibi akasema, akambeba Adela mgongoni.

Adela alikatwa, akavuja damu siku mbili hadi bibi akamkimbiza hospitali. Mama aliponiburuta hadi huko tulimkuta hana hata nguvu ya kulia, bibi kapiga magoti kando ya kitanda. Hapo kikohozi kikanishinda. Muuguzi akageuka.

"Na wewe umeanza lini?"

"Jana," nikasema.

Akamuuliza mama tunakaa wapi. Alipoelezwa, akatikisa kichwa. "Ni vumbi na moshi, mama. Mtakata vimeo vyote, kikohozi kitabaki."

Adela alipona, tukahama mtaa ule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, kifo nusura kimchukue mwingine. Imani ya bibi siicheki. Alinipeleka mimi Bugomora nikapona, angejuaje kuwa kilichoniponya ni hewa safi ya kule? Kikohozi changu kimoja tu kingemtosha kujua. Alijilaumu hadi tunamzika, nami niliyejua nilimwacha ajilaumu.