Jina la Zaituni

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika Mama Zaituni atoke Kondoa kuja chuoni kwetu Dodoma, asikie kazi ya marehemu bintiye. Zaituni ndiye aliyezunguka vijijini na kuandika sehemu kubwa ya utafiti ninaoutegemea. Mama alikaa mbele. Nikawasilisha mada yangu kwa mbwembwe, nikijiona bingwa, na kila nilipoutaja utafiti ule nikasema jina la mkuu wa mradi “na wenzake”, kama wasomi tulivyozoea. Nikapigiwa makofi, nikamfuata Mama nikitabasamu.

“Zaituni utamtaja saa ngapi, mwanangu?” akaniuliza.

“Nimeshamtaja, mama. Yumo kwenye hao wenzake.”

“Kumbe,” akasema taratibu. “Mimi nilikuwa nasubiri jina.”

Kipaza sauti kilikuwa bado kifuani mwangu. Ukumbi mzima ulimsikia.